Gramu saba za pete na epoksi zimeiua fimbo yangu, na fundi ananishauri ninunue rili nzito

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira. Mwezi uliopita nilimpelekea fundi mmoja, ambaye sitamtaja, fimbo yangu ya kurushia inzi bandia, ya futi 9 na mshipi namba 4, ninayovulia samaki aina ya trauti katika mto Gura, Aberdare, ili abadilishe pete tatu (vishikizo vidogo kando ya fimbo ambamo mshipi hupita) zilizolika kwa kusuguliwa na mshipi. Alibadilisha pete zote za kipande cha juu. Zile za waya mwembamba uliopindwa akazitupa, akaweka za miguu miwili zenye duara la kauri, kisha akazifunga kwa uzi mrefu kupita mahitaji na kuumwagia epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu) hadi kila kifungo kikavimba kama goti la ngamia.

Kipande hicho kilikwenda kwake kikiwa na gramu 17, kikarudi na 24. Nilipolalamika alicheka: "Gramu saba tu, mzee? Funguo zako ni nzito kuliko hizo."

Funguo zangu sizirushi. Mita 9 za mwanzo za mshipi namba 4, ambazo ndizo hupimwa ili kuupa mshipi namba yake, zina takriban gramu 7.8, kwa hiyo fundi huyu ameitwika nusu ya juu ya fimbo mzigo unaokaribia ule iliyoundwa kuurusha. Isitoshe, uzito wa kuzungushwa haufuati mizani peke yake bali hukua kwa mraba wa umbali kutoka mkononi, hivyo gramu moja iliyo mita 2.4 kutoka mpinini huwa nzito mara 16 kuliko gramu ile ile ikiwa sentimita 60. (Pete ya kwanza, iliyo karibu na mpini, ingekuwa ya kauri nisingesema neno.)

Matokeo yake ni kwamba nikisimamisha mkono, ncha inachelewa kunyooka, kisha inaendelea kutikisika na kuupeleka mtikisiko huo kwenye mshipi, kitanzi ambacho mshipi hukifanya hewani, kilichokuwa chembamba, kinapanuka, na inzi anatua kwa kishindo kwenye maji maangavu ambamo trauti hukimbia hata kivuli.

Dawa ya fundi, eti, ninunue rili nzito (gurudumu la kuviringishia mshipi, linalofungwa kwenye mpini) ili fimbo "ikae sawa". Itakaa sawa nikiwa nimesimama tu. Ukiongeza jiwe upande mwepesi wa mzega, mzigo husawazika lakini haupungui, na bega ndilo linalolipa. Vivyo hivyo, nikirusha, ncha itabaki na gramu zake zote saba, na mkono wangu utakuwa umeongezewa nyingine za rili.

Nimemtaka akate uzi wote, arudishe pete za waya, afunge kwa uzi unaoishia milimita chache baada ya mguu wa pete, na apake epoksi nyembamba. Anadai malipo mapya, pamoja na ya kufungua kile alichokifunga mwenyewe bila kuombwa. Je, kuna anayemfahamu fundi anayeiweka fimbo kwenye mizani kabla hajashika uzi?