MREJESHO: Keki ya maembe ya atta na ulezi kwenye sigiri

Jamani narudi na mrejesho, mimi ndo niliuliza hapa kama naweza kuoka keki ya maembe kwa atta (unga wa ngano usiokobolewa) na unga wa ulezi, sukari kidogo, na sina oveni, nina sigiri tu (jiko la mkaa). Imekubali! Dada uliyesema nipike rojo la embe kwanza ubarikiwe sana, maana maembe ya msimu huu hapa Kampala yana maji balaa. Nilichukua soko la Nakawa yameiva kabisa, nikasaga, nikaweka moto mdogo huku nakoroga mpaka ukipitisha mwiko unaona chini ya sufuria na rojo halijifungi haraka, hapo utamu unakuwa umekolea wenyewe, sukari ikatosha robo kikombe tu.

Vipimo nilivyotumia ni atta vikombe 2, ulezi nusu kikombe (usizidishe, ulezi hauna gluteni, ile inayoshikanisha unga, keki itamomonyoka), mayai 3, mafuta ya alizeti nusu kikombe, rojo kikombe na nusu, beking pauda vijiko 2 vya chai.

Kwenye sigiri mkaa mwingi unakaa juu ya mfuniko wa sufuria, chini unaacha vipande vichache tu, na usifunue funue. Imetoka rangi ya kahawia, ndani laini kabisa, na ile harufu ya ulezi mimi naipenda mno. Watoto wamebeba shule.

Aliyeuliza kuhusu kutumia bogoya (ndizi tamu za kuiva) badala ya embe, inafaa, iponde tu iliyoiva sana, haihitaji kupikwa kwanza.