Watoto wa Bibi Tatu, Ujiji (kundi la ukoo kwenye simu): asubuhi Shabani alipoanguka

ALHAMISI

07:21 Mama Shabani: Jamani Shabani kaanguka

07:21 Mama Shabani: anatupa mikono na miguu macho kayageuza Idi uko wapi

07:22 Hamisi Dar: Kaanguka wapi?? Majini?

07:23 Idi Kibirizi: Tumetia nanga tangu saa kumi na mbili. Ametoka mwaloni mzima kabisa anakwenda kunywa chai

07:24 Mwajuma Nesi: Mama mdogo, mlaze ubavu. Ondoeni jiko na birika karibu yake. Msimbane mikono, msimtie kitu mdomoni. Angalieni saa

07:25 Mwajuma Nesi: Mnanisoma?

07:26 Zuhura (simu ya Bibi): Dada Mwaju ameacha kutikisika. Anakoroma. Mama Pili wa jirani alikuwa ameshamtia kijiko, kina damu

07:26 Mwajuma Nesi: Toeni kijiko. Abaki ubavu, mate yatoke yenyewe. Asipewe maji, asali wala dawa mpaka azungumze na wewe akaeleweka. Anapumua?

07:27 Zuhura (simu ya Bibi): Anapumua. Amejikojolea

07:27 Mwajuma Nesi: Hutokea hiyo mdogo wangu, mfunike kanga. Akianza tena kabla hajaamka, au ikipita dakika 5 hajaacha, ni hospitali mbio, msimngoje mtu

07:31 Idi Kibirizi: [video] Oneni wenyewe. Kijana wa jirani alirekodi

07:32 Mwajuma Nesi: Mjomba shikamoo. Naomba uifute hapa sasa hivi. Humu tuko watu 41 na Shabani mwenyewe yumo. Nitumie mimi pembeni. Usiipoteze, daktari ataitaka

07:33 Idi Kibirizi: Ujumbe huu umefutwa

07:33 Idi Kibirizi: Marahaba. Sikuwaza hilo

07:40 Mama Shabani: Ndiyo nimeshika simu. Mikono inatetemeka. Amefumbua macho lakini hanijui, ananiita Zuhura. Imechukua robo saa nzima jamani nilijua ameshaondoka

07:43 Mwajuma Nesi: Pole sana mama mdogo. Kuchanganyikiwa kutapungua polepole, na atataka kulala. Video nimeiangalia, ina dakika 1 na sekunde 40, na Zuhura anasema kijana alianza kurekodi mwanzoni tu. Jumla haifiki dakika 3. Sikulaumu, anayemwangalia mwanawe katika hali ile dakika moja ni mwaka. Ila hospitali usiseme robo saa. Robo saa ni jambo jingine na wataanza kushughulikia jambo hilo jingine. Waoneshe video

07:46 Khadija Mwandiga: Asalaam aleikum. Nimesoma sasa hivi. Huyo hospitali baadaye. Amekesha ziwani siku ngapi? Ziwa lina wenyewe. Huku kuna mzee anafukiza, asubuhi hii hii naweza kuja naye

07:47 Mwajuma Nesi: Mama shikamoo

07:47 Khadija Mwandiga: Usinipe shikamoo ya hila

07:49 Mwajuma Nesi: 😅 Siyo hila mama. Mtu hajaamka sawasawa, ukimfunika na moshi unamnyima hewa, nasema hilo tu. Dua msomeeni, dua haimzuii kupanda bajaji

07:52 Hamisi Dar: Kwani kama ameshaamka si apumzike tu, wampeleke kesho akiwa na nguvu? Hospitali asubuhi ni foleni

07:55 Mwajuma Nesi: Mjomba, angekuwa mgonjwa wa siku nyingi, ameanguka dakika 2 na ameamka kama kawaida yake, ningekubali apumzike. Huyu ni mara ya kwanza. Mara ya kwanza hatujui kilichomwangusha. Inaweza kuwa malaria imepanda kichwani, sukari imeshuka, homa ya uti wa mgongo, kichwa kimegongwa juzi na hakusema. Baadhi ya hayo hayangoji kesho

07:56 Mama Shabani: Tunakwenda

07:56 Mwajuma Nesi: Aende na Zuhura. Ndiye aliyeona mwanzo

07:57 Mama Shabani: Zuhura ana shule

07:57 Mwajuma Nesi: Leo shule hakuna. Wewe mama mdogo ulikuwa chumbani, ulitoka uliposikia kishindo. Daktari atauliza: alilia kabla? alianza mkono mmoja au mwili mzima? kichwa kiligeukia upande? macho wazi au yamefumba? Hayo anayo Zuhura peke yake

07:58 Zuhura (simu ya Bibi): Alitoa sauti kama ya mbuzi halafu akakakamaa kama ubao halafu ndiyo akaanza. Mwili wote. Macho wazi. Kabla ya hapo kikombe kilimruka

07:58 Mwajuma Nesi: Hivyo hivyo. Kamwambie hivyo hivyo

11:02 Mama Shabani: Tumeshamwona daktari, kijana mpole. Sukari nzuri, malaria hana, presha nzuri, shingo kamkunja akasema haijakaza. Ulimi umekatika pembeni, na jino la mbele limemeguka, hiyo ni kazi ya kijiko. Kauliza maswali mpaka nikachoka. Anakunywa gongo? Amewahi kuanguka utotoni kwa homa? Alizaliwa vizuri? Kwenye ukoo yupo mwenye kuanguka? Nimesema hayupo

11:04 Mama Shabani: Kauliza na minyoo ya nguruwe

11:05 Hamisi Dar: 😂😂 Umemwambia sisi ni watu wa Ujiji? Kitimoto hatujui hata harufu yake. Hilo limetupita mbali

11:09 Mwajuma Nesi: Halijatupita mjomba. Mla nguruwe asiyeiva anapata mnyoo wa tegu tumboni. Mayai ya mnyoo huo yanatoka kwa choo chake, yanafika kwenye mchicha, kwenye maji, kwenye mkono wa mtu ambaye hakunawa. Wewe uliyekula mchicha ndiye yai linakuangukia tumboni, linatoa kinyoo, nacho kinakupanda hadi ubongoni. Hujagusa nguruwe maisha yako yote na unaanguka. Daktari aliyeuliza hivyo anajua kazi

11:10 Hamisi Dar: Mh. Leo mchana ni wali maharage basi

11:14 Idi Kibirizi: Na mimi niseme. Giza hili tumetoka usiku nne mfululizo, mnajua mbalamwezi ikija dagaa hawafuati taa, kwa hiyo tunakamua usiku wa giza wote. Mchana nilidhani analala. Kumbe alikuwa anakwea michikichi ya mama yake

11:15 Mama Shabani: Mimi sikumtuma. Alisema halali, basi afanye kazi

11:16 Mwajuma Nesi: Mwambieni daktari hayo ya usiku nne. Ni habari kubwa kuliko mnavyodhani

13:15 Shabani: Nimesoma zote. Mnaniongelea kama marehemu

13:15 Hamisi Dar: Alhamdulillah! Mjomba umeamka

13:16 Shabani: Mwili unauma kama nimebeba magunia. Sikumbuki kitu. Nakumbuka namimina chai, halafu namwona daktari

13:16 Shabani: Nani alirekodi

13:17 Idi Kibirizi: Tulishafuta mjomba. Nisamehe, mimi ndiye niliyeileta humu

13:22 Mwajuma Nesi: Shaba, pole mdogo wangu. Nina swali moja na usinifiche. Zuhura anasema kikombe kilikuruka kabla hujaanguka. Ni leo tu?

13:31 Shabani: Hapana

13:33 Shabani: Tangu mwaka jana. Asubuhi mikono inashtuka yenyewe, mara moja mara mbili, kama mtu kanisukuma kiwiko. Akili ninayo, naona kila kitu. Mswaki umeshanirukia ukutani. Nikilala vizuri haiji. Nikitoka ziwani inakuja. Nilidhani ni baridi ya alfajiri

13:34 Mama Shabani: Na vile vikombe vyangu vya udongo nikampiga Zuhura!!

13:34 Zuhura (simu ya Bibi): NILISEMA SIO MIMI

13:38 Mwajuma Nesi: Shaba, rudi kwa huyo daktari kabla hamjaondoka ukamwambie maneno hayo hayo, usiyapambe. Mtu akianguka mara moja tu bila sababu, daktari huwa hakimbilii kumwita mwenye kifafa. Ila huko kushtuka kwa mikono asubuhi, kwa kijana wa miaka 19, tena akikosa usingizi, kunaonesha kwamba leo huenda siyo mwanzo. Na kunabadilisha hata dawa

13:39 Khadija Mwandiga: Neno kifafa mlitamke polepole. Kuna mabinti humu hawajaolewa

13:52 Zuhura (simu ya Bibi): Bibi ananisikia ninamsomea. Anasema niandike anavyosema nisipunguze

13:58 Zuhura (simu ya Bibi): "Mimi Tatu. Daktari ameuliza kama kwenye ukoo yupo, mkasema hayupo. Yupo. Kaka yangu Sefu alikuwa anaanguka. Ninyi mliambiwa alikufa kwa homa. Alianguka kwenye moto wa kukaushia samaki, na watu walikuwepo, wanaume wazima na ndevu zao, wakasimama wakitazama, eti povu lisiwaguse wakaambukizwa. Niliyemvuta ni mimi, nina mimba ya Khadija miezi saba. Povu lake lilinikauka kwenye kanga. Mimi sikuanguka. Khadija hakuanguka. Sasa mnaogopa nini?"

13:59 Zuhura (simu ya Bibi): Mwisho wa kunukuu

14:20 Khadija Mwandiga: Mama. Mbona hukuwahi kuniambia

14:23 Zuhura (simu ya Bibi): Anasema hukuuliza. Analia lakini kasema hilo nisiliandike

14:30 Mwajuma Nesi: Bibi shikamoo. Povu ni mate tu, haliambukizi, umetusomesha wote leo. Mama mdogo, la babu Sefu nalo lifike kwa daktari

17:45 Mama Shabani: Tumerudi nyumbani. Daktari amefurahi kama aliyeokota pesa, kasema hizo habari mbili zimemfanyia kazi ya mashine. Ameandika dawa, kidonge asubuhi na jioni. Na barua ya kipimo cha umeme wa ubongo, waya zinabandikwa kichwani, haviumi. Kliniki Jumanne

17:46 Mama Shabani: Lakini mlango wa hiyo kliniki umeandikwa AFYA YA AKILI

17:47 Hamisi Dar: Hee. Mtoto si kichaa

17:51 Mwajuma Nesi: Hata Tabora kwetu ni hivyo hivyo, hospitali nyingi za mikoa kifafa kinahudumiwa kliniki ya afya ya akili, kwa sababu ndiko waliko wahudumu waliosomea na ndiko dawa zinakotoka. Ni mlango tu mjomba. Kuna watu wameona kibao wakarudi nyumbani, nawapokea wodini wakiwa wameungua

17:53 Hamisi Dar: Nimekuelewa. Natuma 50,000 ya nauli na dawa kwa simu ya Mama Shabani

17:54 Khadija Mwandiga: Jirani yangu hapa mwanawe ana fenobabito zimebaki, niwaletee zisaidie?

17:57 Mwajuma Nesi: Mama, ahsante, zibaki huko huko. Dawa za kifafa si panado. Zipo zinazomfaa mwingine na zikaongeza kushtuka kwa mikono kwa mtu kama Shabani. Na Shaba, hizo ulizopewa usije ukaziacha ghafla siku ukijiona mzima. Kuacha ghafla kunaangusha vibaya kuliko leo

18:10 Shabani: Na ziwani?

18:11 Mama Shabani: Ziwani hapana!!!

18:13 Idi Kibirizi: Tungojeni. Mtumbwini tuko sita. Akianguka si tutamshika?

18:16 Mwajuma Nesi: Mjomba, aliyeanguka hivyo majini hapigi kelele. Anazama kimya, ninyi mnavuta wavu mnatazama taa. Na kazi yenyewe ni kukesha, kukesha ndiko kunakomwita. Daktari amesemaje?

18:18 Mama Shabani: Kasema usiku ziwani hapana, kuogelea peke yake hapana, michikichi hapana, bodaboda kuendesha hapana. Bafuni asitie komeo. Na alale. Mpaka watakapoona dawa imemkaa

18:19 Shabani: Basi nimebaki kuwa mwali

18:20 Zuhura (simu ya Bibi): 🤣

18:26 Mwajuma Nesi: Najua inauma. Sikuambii ni milele, sikuambii ni wiki. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa. Nataka uwe kwenye hao saba, uwe na uzee wa kumsimulia mjomba jinsi alivyokuwa anataka kukuzamisha

18:27 Idi Kibirizi: Eti mimi

18:41 Idi Kibirizi: Nimewaza. Huyu anayeniandikia hesabu za beseni hapa mwaloni ananipiga kila siku, kutoka arobaini naambiwa thelathini na tano. Shaba ana fomu four yake. Aje saa mbili asubuhi akishalala, apokee, aandike, asimamie akina mama wa vichanja, jua likizama arudi. Fungu lake lile lile

18:43 Shabani: Lile lile la mtumbwini?

18:44 Idi Kibirizi: Nimesema lile lile. Msinifanye nirudie

18:44 Mama Shabani: Mungu akuzidishie kaka

JUMATANO

06:50 Zuhura (simu ya Bibi): Mwakeye wote. Jana daktari wa kliniki kasema tuwe na daftari, kila asubuhi tuandike amelala saa ngapi, amekunywa dawa, mikono imeshtuka au la. Mwandishi ni mimi

06:52 Mwajuma Nesi: Mteule sahihi. Leo vipi?

06:53 Zuhura (simu ya Bibi): Amelala saa tatu na nusu usiku. Dawa amekunywa, nimeona akimeza. Saa kumi na mbili na nusu ameangusha kijiko. Nimeandika

06:54 Shabani: Kijiko kilikuwa na mafuta ya mawese, kimeteleza!! Dada Mwaju usimsikilize

06:55 Zuhura (simu ya Bibi): Hilo nalo nimeandika