Mama ana miaka 79 na saratani ya titi: umri wake upewe uzito gani?

Mwana wa Sengerema

Ndugu zangu, heshima kwenu, na kwa walionizidi umri, shikamooni. Mama yangu ana miaka 79 na anaishi kijijini Sengerema. Mwezi uliopita alikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye titi la kushoto kikapimwe, majibu yakaonyesha saratani, ingawa picha hazijaonyesha kwamba imesambaa. Katika kituo cha kwanza tulichokwenda, mhudumu alisoma umri kwenye kadi kabla hajamtazama mama usoni, akatuambia tumwache mzee apumzike. Kauli ile ilituumiza sana. Tangu siku hiyo kaka yangu mkubwa anashikilia kwamba dripu za dawa za saratani zitammaliza kabla ya ugonjwa wenyewe, nami naona kuwa mtu ambaye bado anapalilia mihogo, anaanika dagaa na kwenda kanisani kwa miguu hajafika mahali pa kuachwa. Ana shinikizo la damu na anameza vidonge kila siku. Tumepewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, na tutavuka ziwa wiki ijayo. Tukifika, tuulize nini?

Muuguzi wa Nyegezi

Pole sana, ndugu yangu. Kaka yako hajakosea kuogopa, ila anaogopa tiba ya aina moja kana kwamba hakuna nyingine. Umri una maana yake: figo za mzee huchuja polepole zaidi, uboho ulio ndani ya mifupa huchelewa kurudisha chembe za damu baada ya dripu, na moyo uliobeba shinikizo kwa miaka mingi unaweza kudhurika na dawa za dripu kama doksorubisini. Lakini hayo yote hupimwa, hayasomwi kwenye kadi. Ombeni mama apimwe figo na moyo, aulizwe kama amepungua uzito au ameanguka karibuni, kumbukumbu yake ikoje, anatumia dawa zipi na nani anaishi naye. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2021, wa wagonjwa wa saratani iliyokomaa wenye miaka 70 na zaidi, ulionyesha kwamba madaktari walipopewa taarifa za namna hiyo, waliopata madhara makali ya dawa walikuwa 51 katika kila 100, ilhali kwa wagonjwa ambao madaktari wao hawakupewa taarifa hizo walikuwa 71, na muda wa kuishi haukupungua.

Ulizeni pia kama kile kipande cha nyama kimepimwa vipokezi vya homoni, yaani sehemu za chembe za saratani ambazo homoni hujishikiza na kuzichochea zikue. Saratani ya titi ya wanawake wazee mara nyingi huwa navyo, na hapo vidonge kama tamoksifeni au letrozoli, pamoja na upasuaji, vinaweza kutosha bila dripu yoyote. Ikiwa mama amewahi kuganda damu mguuni, daktari aambiwe mapema, kwa sababu tamoksifeni huongeza hatari hiyo.

Binti wa Ukerewe

Baba yetu aliugua saratani ya koo la chakula akiwa na miaka 82. Tulikaa vikao vitatu vya ukoo, tukapanga nauli, tukagawana zamu za kumwuguza, wala hakuna hata mmoja wetu aliyemwita baba akae nasi. Baadaye aliniambia kwamba alichotaka ni kumeza uji bila maumivu na kulala nyumbani kwake, na kwamba angetuambia hivyo tangu siku ya kwanza kama angeulizwa. Huenda mama yako atataka kila tiba iliyopo. Huenda atakataa. Kaka yako na wewe mnabishania jambo ambalo mwenyewe yupo na ana akili zake timamu.

Mwana wa Sengerema

Dada, maneno yako yamenikalisha chini. Jana jioni nilimpigia mama, na safari hii sikumweleza lolote, nilimwuliza tu. Alinyamaza, kisha akataka kujua kama akikatwa titi ataweza kuinua mkono wa kushoto na kulishika beseni la dagaa kichwani. Nimeliandika swali hilo la kwanza kwenye daftari, juu ya yale ya figo na moyo, na kaka amekubali kuvuka nasi.