Gloria ya Vivaldi: nichukue toleo gani la nota kabla sijatoa kopi za kwaya nzima?

MwalimuKwaya_Ziwani

Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Naombeni msaada maana nimekwama na Krismasi haiko mbali.

Kwaya yetu ya parokia tuko watu 38 na mwaka huu tumeamua kuimba Gloria ya Vivaldi yote, vipande vyote 12, siyo kile cha kwanza tu ambacho kila mtu anakijua. Jumamosi mazoezini ndio shida ikaanza. Sauti ya kwanza na ya pili wana kopi nilizotoa mimi, sauti ya tatu na ya nne walitumiwa PDF nyingine kwenye grupu la WhatsApp na mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, wakaprinti wenyewe. Tunaanza tu, hamna kinachokutana. Nikadhani akina baba wamefungua ukurasa sio, nikawasimamisha mara tatu na kuwasema kidogo, kumbe wanaimba kilichoandikwa mbele yao. Juu imeandikwa Vivaldi, Gloria, iko kwenye ufunguo wa D kama yangu, Kilatini kilekile. Na cha kunichanganya zaidi, nilipofungua mwisho kule kwenye Cum Sancto Spiritu nikakuta zinafanana!

Halafu kuna kitabu cha tatu, cha zamani, nimeazimwa na mwalimu mmoja mstaafu. Hicho kimejaa f, p na kresendo (alama za kuimba kwa nguvu, polepole na kuongeza sauti) kila mahali, kopi yangu haina hata robo ya alama hizo, na kuna sehemu muziki wenyewe unatofautiana.

Sasa ipi ndio yenyewe? Tuna violini 4, selo 1, tarumbeta 1 na kinanda. Obo hatuna. Na hela ya steshenari tumechanga wenyewe, nikikosea hapa sitapata nyingine.

Besi_wa_Nyuma

Milele amina mwalimu. Waombe radhi sauti ya tatu na ya nne, hawana kosa. Angalia juu ya ile PDF au ukurasa wa mbele kabisa, utakuta RV 588. Unayotaka wewe ni RV 589. Vivaldi aliandika Gloria zaidi ya moja na hizi mbili zimebaki, zote kwenye D, na fuga ya mwisho (kile kipande ambacho sauti zinaingia moja baada ya nyingine kwa wimbo uleule) ya zote mbili ameijenga juu ya kazi ya mtu mwingine anaitwa Giovanni Maria Ruggieri, ndio maana ulipofungua mwisho ukaona ndugu wawili. RV ni namba za orodha ya Ryom, mtaalamu aliyepanga kazi zote za Vivaldi. Kuanzia leo ukitafuta usiandike "Vivaldi Gloria" peke yake, andika na 589.

Kuhusu kitabu cha mzee, fungua uone kama kuna jina Alfredo Casella, mtunzi wa Italia. Nakisia ni hilo kwa hizo kresendo ulizosema. Historia yake inafaa uijue kwa sababu ndio inaeleza kwa nini matoleo hayalingani. Gloria hii haikuchapwa wakati Vivaldi yuko hai. Alikufa 1741 na muziki wake mwingi ukabaki kwenye maandishi ya mkono, ukazunguka mikononi mwa watu, ukaja kuonekana Italia miaka ya 1920 pale chuo kimoja cha mapadre Wasalesiani walipotaka kuuza vitabu vyao vya zamani. Maktaba ya Torino haikuwa na hela ya kuvinunua. Akajitokeza Roberto Foà akatoa hela 1927, na sehemu iliyobaki ikanunuliwa kwa hela ya Filippo Giordano 1930. Wote wawili walikuwa wamefiwa na watoto wao wadogo wa kiume, na mikusanyo hiyo mpaka leo inaitwa kwa majina ya watoto, Mauro Foà na Renzo Giordano. Mimi kila tukiimba Et in terra pax huwa nawakumbuka hao watoto, kweli kabisa.

Basi Casella akaichukua Gloria kwenye maandishi hayo akaipiga Siena mwaka 1939. Ila hakuiacha ilivyo, aliitengeneza kwa masikio ya watu wa wakati wake, akaweka alama zake na kugusa muziki wenyewe. Kwa hiyo kitabu cha mzee wako siyo kibovu, ni Vivaldi aliyepita mikononi mwa Casella. Mrudishie kwa heshima zote, usikitumie kutolea kopi.

DadaAlto_Ujerumani

Bwana Yesu asifiwe, mimi ni Mlutheri naimba kwaya ya kanisa huku Stuttgart, Gloria hii tumeimba mara mbili na kila mara toleo tofauti, kwa hiyo nimeona kwa macho yangu.

Yanayoaminika sokoni yako kadhaa. Wachapishaji Ricordi wana toleo la Michael Talbot, huyu ni kati ya watu wanaomjua Vivaldi kuliko wote. Oxford wana la Paul Everett. Carus wa hapahapa Stuttgart nao wanalo na ndilo kwaya nyingi za huku wanabeba. Ukipata lolote kati ya hayo uko salama. Ila hata kama hutanunua, mwalimu, jifunze kulikagua toleo kwa namna wanavyokagua huku kabla ya kuagiza. Kwanza, mhariri ametaja jina lake na amesema ametoa wapi nota, kama ni maandishi ya Torino aseme Torino. Pili, alichoongeza yeye kinaonekana? Mhariri mwaminifu akiweka p ambayo Vivaldi hakuandika anaiweka kwenye mabano au kwa herufi ndogo, au upinde wa nukta nukta, ili wewe unayeongoza ujue hiyo ni rai yake na una ruhusa ya kuikataa. Nota ambazo kila kitu kimechapwa kwa wino mmoja na ukubwa mmoja, hujui nani anaongea, Vivaldi au mhariri.

Na neno Urtext kwenye jalada lisikutishe wala lisikulevye. Maana yake wamerudi kwenye chanzo, lakini kwenye chanzo kuna mahali mwandishi mwenyewe hakueleweka, mfano Domine Fili Unigenite kuna zile nota za kudunda, ndefu-fupi ndefu-fupi, ni lazima mtu aamue ziende kote au pale tu zilipoandikwa. Huo uamuzi ni wa binadamu hata kwenye Urtext.

Suala la kopi. Vivaldi hana hakimiliki tena, lakini toleo linaweza kuwa nayo, hasa ile sehemu ya piano iliyotengenezwa na mhariri. Huku sheria ni kali mno, hata fotokopi ya nota kwa matumizi yako mwenyewe hairuhusiwi bila idhini, labda unakili kwa mkono. Kama hela ndio hiyo ya mchango, usichukue kitabu cha duka ukakifotokopi mara 38. Nenda CPDL, ile maktaba ya nota za kwaya ya bure ipo tangu 1998, kila nota ina jina la aliyeiandaa na imeandikwa kama kunakili kunaruhusiwa. Au IMSLP, maktaba nyingine ya nota ya mtandaoni. Kule bure ni bure kihalali, ila ubora unategemea aliyeandika, kwa hiyo kagua kama nilivyosema.

TenaWaNairobi

Mwalimu hii shida naijua sana, sisi ilitupata na Messiah ya Handel. Wazee walikuwa na vile vitabu vya wachapishaji Novello, vijana wakaja na vya Bärenreiter. Mwalimu anasema "fungueni 44, Haleluya", nusu ya kwaya wako kwa kitu kingine kabisa sababu kwa Bärenreiter Haleluya ni 39. Worthy is the Lamb ni 53 huku na 47 kule. Jioni nzima inaisha tukitafutana. Tena kuna wazee wengine walikuwa na toleo la Prout la 1902, na huyo Prout alikuwa ameongezea ala ambazo Handel hakuandika, vile Mozart pia alifanya 1789, kwa hivyo ukiweka mpiga violini na sehemu za toleo lingine mnagongana.

Kwa hivyo mimi nakubaliana na dada wa Ujerumani kwa kiasi. Kwa kwaya yenye imebakisha wiki chache, toleo lenye kila mtu analo linashinda toleo la profesa lenye watu watano wanalo. Na sehemu za violini, selo na tarumbeta zitoke kwa mtu yuleyule aliyeandaa nota za kwaya, hapo usibadilishe hata kama umeona zingine zimechapwa vizuri. Kama hazina namba za baa andika kwa kalamu mwanzo wa kila mstari KABLA ya kutoa kopi, utanishukuru. Na wale hawasomi nota za mistari waandikie solfa juu ya sauti yao, hata Novello wenyewe walikuwa wakichapa Messiah kwa solfa, si aibu.

DadaAlto_Ujerumani

Kaka hapo kwenye toleo moja kwa wote sina ubishi. Ninachokataa ni toleo moja lenye makosa kwa wote, maana mkishalikariri kosa watu 38 hakuna atakayeling'oa, hata mwakani.

KinandaNaSelo

Habari zenu. Mmeongelea waimbaji, niongee upande wangu, maana kwenye muziki huu mpiga kinanda anaweza kuharibu bila kujua.

Mwalimu, nota za kwaya zina sehemu ya piano chini. Hiyo ni muhtasari wa violini zote umebanwa kwenye mikono miwili, ni ya mazoezi. Siku ya Misa violini zikiwepo mpiga kinanda asipige hiyo, atakuwa anarudia wanachopiga wenzake na itakuwa kelele. Apige kontinyuo, yaani ule mstari wa besi pamoja na selo, halafu mkono wa kulia anajaza kodi kufuata namba ndogo zilizoandikwa kwenye besi. Enzi zile mpigaji alizijaza papo hapo, siku hizi matoleo mengi yanamwandikia. Kama kijana wako hajazoea namba tafuta toleo lenye kodi zilizojazwa, na umwambie ana ruhusa ya kupunguza. Kwenye vipande vya solo apige sauti chache tu, amwachie selo.

Obo isikuumize kichwa. Domine Deus solo yake inapigwa vizuri sana na violini moja, chagua mwenye sauti tulivu. Tarumbeta ndio uangalie mapema. Muziki uko D, na kama kijana wako ana tarumbeta ya B-flat kama nyingi za bendi, anatakiwa asome kwenye E, shapu nne, tena juu. Angalia sehemu uliyoshusha imeandikwa kwa tarumbeta gani, usimpe siku ya mwisho.

MwalimuKwaya_Ziwani

Nimerudi. Besi_wa_Nyuma Mungu akubariki, ni RV 588 kweli, imeandikwa pembeni kwa herufi ndogo sana sikuwahi kuiona. Na kitabu cha mzee ni Casella! Nimempelekea mwenyewe nikamsimulia habari za wale watoto wawili, amenyamaza muda mrefu, akaniambia yeye alidhani Vivaldi ndiye aliyeandika zile kresendo zote na amezifundisha hivyo maisha yake.

Nimepata ya bure ya 589, aliyeandaa ametaja jina na chanzo, kunakili ameruhusu, na sehemu za violini na tarumbeta zipo hapohapo. Jana nimekaa na mpiga kinanda tumeweka namba za baa zote. Akina baba nimewaomba radhi mbele ya kwaya, wamecheka wakaisha.

Bado moja. Tarumbeta iliyopo ni ya kusomea D, kijana ana B-flat. Nimwandikie upya kwa mkono au kuna njia?

KinandaNaSelo

Ingiza kwenye MuseScore, programu ya kuandikia nota kwenye kompyuta, ni bure, chagua tarumbeta ya B-flat itageuza yenyewe. Anapiga vipande vitatu tu, cha 1, cha 11 na cha 12, ni kazi ya jioni moja. Ukimaliza mpe aipige na kinanda taratibu, akifika zile nota za juu mwache apumzike, midomo inachoka haraka kule.