Nia au matokeo: dodoso la visa kwa wakazi wa Tanga, nigawe vipi?

Chumbageni_LLM
Salaam wakuu. Naandaa tasnifu ya sheria hapa Tanga mjini. Swali langu: watu wanapomhukumu mkosaji, wanatazama nia yake au kilichotokea? Nimetunga visa vinne vya mvuvi wa baruti. Amelipua akijua kuna mzamiaji chini, au hakujua. Mzamiaji kafa, au kanusurika. Nitamsomea kila mhojiwa visa vyote vinne, pale Deep Sea kwa wavuvi na soko la Mgandini, kisha aseme mvuvi astahili adhabu kiasi gani, 1 hadi 7. Watu 60. Kuna kasoro?

Mizani_Mbili
Zipo, na kubwa ni hiyo ya kumsomea mtu mmoja visa vyote. Akifika cha pili ameshajua unachobadilisha, kwa hiyo anaanza kupanga madaraja: huyu zaidi, yule kidogo. Hapo umepima ulinganishi, wala si hukumu anayoitoa mtu akikutana na jambo moja. Kila mhojiwa kisa kimoja tu. Fomu zichanganywe kabla hujatoka nyumbani. Ukisema asubuhi Deep Sea kisa A, jioni Mgandini kisa B, utakuwa umelinganisha wavuvi na wachuuzi.

Watu 60 basi hawatoshi. Kulinganisha makundi mawili tu, kwa tofauti ya ukubwa wa kati (nusu ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha majibu yanavyotawanyika), nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti kama ipo) na kiwango cha 0.05 (hatari ya kuona tofauti isiyokuwepo), unahitaji 64 kila kundi. Ukitaka kuonyesha kwamba matokeo yana uzito pale tu ambapo nia haikuwepo, huo ni mwingiliano, yaani athari ya kitu kimoja inategemea kingine: 128 kwa kila kisa, jumla 512. Huna bajeti hiyo? Punguza visa viwe viwili, usipunguze watu.

Kipimo cha 1 hadi 7 kwa mdomo kinasumbua. Wengi huishia 1 au 7. Uliza hatua mbili: amekosea au hajakosea? Akisema amekosea: kidogo, kiasi, au sana? Mwisho weka swali la kuhakiki, "Je, alijua kuna mtu?" Aliyekosea hilo hahesabiwi, na kanuni hiyo iandikwe kabla ya kuanza kukusanya.

Wakili_Mtazamaji
Baruti itakuharibia kisa. Unadhani yule asiyejua ameua bila kukusudia, lakini soma kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Dhamira ovu, ile inayofanya kuua kuwe mauaji ya kukusudia, inathibitika hata kwa nia ya kutenda kosa lingine ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu. Kuvua kwa baruti ni kosa la aina hiyo, kwa hiyo visa vyako vya "bila nia" vina nia ndani yake tayari, na mhojiwa anayemchukia mlipuaji atamhukumu kwa samaki na matumbawe kabla ya mzamiaji. Halafu unamuuliza nani? Mvuvi, pwani, habari za baruti. Atakuona askari.

Tumia begi stendi ya Kange. Kalichukua akijua si lake, au kadhani ni lake. Mali imepotea, au imerudi. Wizi chini ya kifungu cha 258 unadai nia ya udanganyifu, hivyo una mstari safi wa sheria wa kupimia majibu.

Chumbageni_LLM
Ahsante sana. Begi si jambo dogo mno? Na nasikia watu wa pwani wanatazama hasara tu.

Bint_Ngamiani
Begi linatosha. Mtafiti Barrett na wenzake, 2016, walitumia visa vya wizi katika jamii kumi, Wahadzabe wakiwemo. Uzito wa nia ulitofautiana sana. Yasawa, Fiji, ulikuwa mdogo kuliko kwingine.

Hilo la "hasara tu" ndilo la kuangalia sana, na swali lako moja la adhabu ndilo litakalolizalisha. Mwanasaikolojia Cushman alionyesha mwaka 2008 kwamba tukiulizwa kama kitendo ni kibaya tunaegemea nia. Tukiulizwa adhabu, matokeo nayo yanaingia. Kwa Tanga ongeza swali la tatu: fidia. Mhojiwa Mwislamu anajua aliyeua kwa bahati mbaya hahesabiwi kama muuaji wa makusudi, ila diya (fidia kwa wenye marehemu) ipo palepale, isipokuwa wenye marehemu wasamehe (Annisaa, aya ya 92). Akikwambia "alipe", hajasema nia haina maana. Ametenganisha kosa na dhima, jambo ambalo hata mahakama ya madai hulifanya. Ukimwekea kisanduku kimoja, "alipe" itaingia kwenye adhabu, nawe utaandika sura nzima juu ya tabia ambayo haipo.

Maswali matatu, kila moja peke yake, na la ubaya litangulie.

Mizani_Mbili
Naunga mkono. Kuhusu vibali: barua ya chuo, kisha ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, halmashauri ya jiji, mtendaji wa kata, wa mtaa. Mtendaji akitaka kukaa kwenye mahojiano, mwombe kwa adabu asikae. Mbele yake watu watajibu sheria inavyosema. Majina na namba za simu usichukue kabisa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, taarifa kama hizo zina masharti yake, na dodoso hili halizihitaji. Namba ya fomu inatosha.