Picha za mwezi mpevu na kimondo chenye mkia zinanitoa jasho, nakosea wapi?

Mpiga_Chabo: Wakuu salama? Nina kamera ya mtumba na lenzi ileile iliyokuja nayo, ya milimita 18-55. Juzi Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024 nilikuwa Kigamboni ufukweni nikasema leo ndo leo, napiga mwezi mpevu na hiki kimondo cha Tsuchinshan-ATLAS ambacho kila mtu anaposti. Mwezi umetoka kama balbu, doa jeupe tupu. Kimondo ndo kabisa, nimepiga kama hamsini sioni kitu, anga yote rangi ya chai ya maziwa. Kila kitu kiko oto na flashi niliwasha. Kamera mbovu au ni mimi?

FundiLenzi: Hahaha flashi tena mkuu? Mwezi huo ndo mpevu uliokuwa karibu kuliko yote mwaka huu na bado ni kilomita kama 357,000, flashi yako haifiki hata kwenye ngalawa ya kwanza hapo mbele. Kamera nzima hiyo. Oto ikiona giza kila upande inadhani picha nzima inataka mwanga, inaacha shata wazi, mwezi unaungua. Kumbe lile ni jiwe linapigwa na jua hilihili la saa sita mchana, so piga kama unapiga kitu cha mchana: weka M (unapanga mwenyewe), ISO 100 (kamera isihisi mwanga sana), f/11 (tundu la lenzi dogo), shata 1/100 ya sekunde, ukiona bado linawaka nenda 1/200. Kwa lenzi ya 55 mwezi utakuwa mdogo kama kidonge, usishangae. Mi hua nauwahi ukichomoza tu baharini, bado una rangi ya chungwa na anga haijafa, napata na mashua.

Mkaa_Jambiani: Kwanza kimondo ni jiwe lililoanguka toka angani, kiko Mbozi kimelala na wala hakina mkia, hii ni nyota mkia 😂

Sasa hii ni kinyume cha mwezi, inataka giza. Wewe uligeukia magharibi, mataa yote ya Mbagala usoni, mwezi mpevu mgongoni, ungeona nini? Subiri kama tarehe 21, mwezi hautoki mpaka saa tatu usiku imepita, ila usichelewe zaidi maana inafifia kila siku. Saa moja na robo jioni tafuta sayari ya Zuhura, ile kali ya magharibi, nyota mkia iko kulia kwake kwa juu. Fokasi kwa mkono kwenye Zuhura hiyohiyo, kuza kwenye skrini mpaka iwe kitone, usiguse tena. 18mm, f/3.5, ISO 1600, sekunde 10 hadi 15, ukizidisha nyota zinajivuta kama punje za mchele. Tripodi lazima, na taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise. Mi niliipata mwisho wa Septemba alfajiri juu ya bahari, nusu ya picha zimeharibika kwa unyevu, nilikuwa nafuta lenzi na kanga ya mama kila dakika tano.

Dada_Kisiki: Na sisi wa simu?

FundiLenzi: Mwezi, gusa skrini pale mwezi unapoonekana kisha shusha mwanga. Nyota mkia, night mode na uiegemeze kwenye tofali.

Mpiga_Chabo: Jana nimejaribu 1/100, madoa ya mwezi yote yanaonekana aisee! Tarehe 21 naenda kwa shemeji Kisarawe, mataa ya Dar yote yatakuwa mgongoni. Tripodi naazima wapi sasa?