Taqi al-Din na saa yake: mwenye kumfahamu anisaidie

Mwalimu wa Bombo: Jamani, nafundisha hesabu S3 (kidato cha tatu). Mwanafunzi mmoja kaniuliza, saa inamsaidiaje mtu wa nyota? Nataka nimjibu kupitia Taqi al-Din, yule mtaalamu wa nyota wa zamani. Tafadhali.

Mzee wa Arua: Mwalimu, umegusa penyewe! Huyu alizaliwa Dameski mwaka 1526, akawa kadhi, halafu mnajimu mkuu kule Istanbul. Saa yake ilikuwa na sahani tatu: saa, dakika, sekunde. Waeleze hivi: anga huzunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo ukikosea dakika 4, nyota imekupotea digrii nzima. Ndiyo maana alihangaikia sekunde. Na majedwali yake ya sine (namba za kukokotolea pembe) aliyaandika kwa desimali, kama wanavyofanya hao watoto wako.

Dada wa Jinja: Shikamoo mzee. Kile kituo chake cha kutazamia nyota kule Istanbul kiliishia wapi?

Mzee wa Arua: Marahaba mwanangu. Sultani Murad III wa dola ya Ottoman ndiye aliyemjengea, na yeye huyo huyo akaamuru kibomolewe mwaka 1580. Taqi al-Din alikuwa ametabiri heri kutokana na nyota yenye mkia ya 1577, badala yake ikaja tauni. Inaniuma mpaka leo.

Mwalimu wa Bombo: Asante sana mzee. Jumatatu naanza na hizo dakika 4.